Visima Tisini na Sita

Leo naomba rangi isije.
Ndiyo kazi yangu hapa Nanning:
kuingoja manjano, na kuiombea ichelewe.

Sahani ya plastiki, upana wa kiganja,
visima tisini na sita, kila kisima matone.
Humo nimetia kimeng'enya cha utumbo wa panya,
kile kikatacho sukari ndefu zikawa fupi,
nikakitilia chambo. Kikikata,
maji hugeuka mkojo wa asubuhi.
(Daktari Qin haupendi mfano huu.
Yeye huandika: njano hafifu.)

Safu ya tatu hadi ya sita ni tunda la mtawa,
limekaushwa Yongfu, limepondwa, limechujwa,
limebaki unga mweupe. Chembe moja ulimini
hushinda nawe kutwa,
hata maji ya bomba yakaonja sherehe.

Baba hukata miwa, Fusui.
Miaka arobaini, panga mkononi,
na utamu umempanda taratibu, kutoka shambani hadi damuni.
Mwaka juzi walimkata kidole cha mguu.
Akacheka: "Nimeikata sana. Nayo imekata."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Hilo tunda lako, litanifungia mlango wa tumbo?"
Nikajifanya simu inakatika.

Dakika ya tano.
Ya kumi.
Safu ya dawa ya hospitali: maji meupe,
kimeng'enya kimezibwa kinywa.
Safu isiyo na kitu: manjano tele.
Na langu?
Manjano, ila ya kusitasita,
kama mgeni aliyekatazwa mlangoni
akaingia ubavu ubavu.

Asilimia kumi na tisa.
Narudia. Kumi na saba.
Narudia, mkono sasa unatetemeka. Ishirini na moja.

"Andika dhaifu," asema Qin, akivua glavu.
Naandika dhaifu.
Neno lisilo tamu wala chungu.

Usiku nampigia.
"Limezuia?"
"Kidogo."
"Kidogo ndiyo nini, Meihuan? Mimi si mtu wa vitabu."
Natafuta mizani ya kwao.
"Ng'ombe watano wameingia shambani, Baba.
Limemrudisha mmoja."

Kimya.
Kisha mlio mdogo, mkavu, wa nyuzi zikipasuliwa kwa meno.

"Unatafuna nini?"

"Kipingili tu," asema.
"Cha kufungia msimu."