Chujio

Saa nane usiku, Cheyo, Tabora; feni inakoroma.
Kalunde anafungua matumbo ya ukurasa:
mistari mia mbili mitupu, kisha neno moja,
jedwali ambalo Java ililifungua
ikaliacha wazi kama mlango wa choo cha stendi.

Kivinjari husamehe. Wateja hawaoni.
Yeye ameona.

Anatega chujio mlangoni mwa seva:
kila tagi ifungwe, ya ndani kwanza.

Mama yake, aliyechuja asali ya Sikonge kwa kanga kuukuu,
angeuliza tu: nta umeiweka wapi?

Nta hii haiuziki, mama.
Ni kilobaiti arobaini za nafasi tupu
anazolipia mtu wa Usoke
kwa bando la mia tano.