Ritifaa

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
duka la fotokopi, lamisheni na vocha.
Saa nne asubuhi feni inazungusha joto lile lile.
Hoza Mang'enya ameweka kitambulisho juu ya kioo,
kona zimejikunja.
Miaka thelathini na moja alipima marobota ya katani;
sasa anadai mafao, na mafao siku hizi
yanaombwa kwa fomu, na fomu iko hewani.

Kompyuta mgonjwa. Nikaliandika jina kwa simu,
nikabonyeza Tuma.
Likarudi:

Mangâ€™enya

"Huyu nani?"
Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu:
a iliyovaa kofia, pesa ya Ulaya, nembo ya biashara.
"Kofia sikuvaa leo. Na hiyo pesa ya Ulaya,
kama imo humo, si wanipe basi."

Tulicheka. Kisha chini, kwa wekundu:
JINA HALILINGANI.

Nikasahihisha namba ya simu tu, nikatuma tena.
Jina likanenepa.
Nikatuma mara ya tatu, likajaa kofia
kama safu ya mbele siku ya Ijumaa.

"Toa hicho kikoma," akasema kijana wa foleni,
"andika Mangenya, yaishe."
Hoza akageuka, shingo kwanza, mabega baadaye.
"Ng'oa na ngoa kwako ni mamoja?
Kung'oa nimeng'oa, visiki vya mkonge heka kwa heka.
Ngoa ndiyo sijaitimiza."

Usiku nikampigia Shemdoe,
aliyeishona ile fomu ofisini Chumbageni.
Kumbe simu yangu huipinda ritifaa,
na iliyopinda husafiri kwa baiti tatu
zilizoshikana mikono kama watoto wavukao barabara.
Kule ghalani msomaji wa mashine
anazipokea moja moja,
kila moja anaipa sura aliyofundishwa zamani.
Hakuna aliyedanganya.
Hakuna aliyeuliza tu: mwenzangu, unasomaje?

Nikasikia vidole vyake. Mstari mmoja,
kisha mwingine: anayeandika na anayesoma
wafuate jedwali moja,
mlangoni, njiani, hadi ghalani.

"Na waliokwisha kuingia?"
Kimya. "Hao," akasema, "mmoja mmoja."
Akaanza kunisomea, akibahatisha chini ya kofia:
huyu Nyang'oro, huyu nadhani Sang'udi,
huyu sijui,
watu walioambiwa
hawalingani na wao wenyewe.

Asubuhi Hoza alifika kabla sijafungua.
Nikamchapia nakala.
Akaisogeza mbali na macho,
akapitisha ukucha juu ya jina, herufi kwa herufi;
katikati ukucha ukasimama,
kama mtu aliyeona kiatu chake mlangoni pa watu.

"Pesa je?"
"Bado."
Akaikunja karatasi mara nne.
"Basi zitanikuta nipo."