Uzi Namba Tisa

Miaka ishirini na miwili nanunua uzi
kwa rangi na kwa namba,
kwa hiyo nilipoingia dukani kwa Mwarandu,
nyuma ya soko kuukuu la Malindi,
swali langu la kwanza likamkwaza:
"Hili limevaa uzi namba ngapi?"

Akanitazama. Mshona mapazia ya mahoteli,
tepu shingoni, pini mbili kwenye kola.
"Ni la kijana wako, mama?"
"Ni langu."
Akafuta vumbi kwenye kaunta isiyo na vumbi.

Magitaa yalikuwa matatu.
Jekundu lilikuwa na pembe, kama nge aliyeudhiwa;
nilipolipakata likanidunga ubavu.
Jeusi lilikuwa zito,
bega langu likakumbuka lile jora la turubai
nililolibeba mwaka jana kutoka stendi hadi Maweni.
La tatu lilikuwa buluu iliyochujuka,
buluu ya leso iliyofuliwa hata jina lake halisomeki.
Aliliacha Mtaliano aliyedaiwa kodi ya nyumba.
Hili lilikaa pajani
kama limewahi kukaa hapo.

Sikujua kupiga hata noti moja.
Lakini nafahamu kukagua kazi ya mtu.
Nikafumba jicho moja, nikaitazama shingo yake kwa urefu,
kama ninavyotazama rula kabla ya kukata:
imenyooka.
Nikapitisha kidole ukingoni, pale vyuma vinapoishia.
"Hapa panakwaruza. Pindo halijamalizwa."
Mwarandu akacheka, akatoa msasa,
na bei ikashuka elfu moja.

"Namba tisa," akasema hatimaye. "Nyembamba.
Ni nzuri kwa vidole vichanga."
Kisha akanivutia spika kubwa kama kabati.
"Gitaa bila hii ni chai bila sukari."
"Mimi nina kisukari," nikamwambia.
Akaniletea visanduku vya kukanyaga kwa mguu,
hiki cha mwangwi, hiki cha kukoroma,
hiki hata yeye hakujua ni cha nini.
Nikamwambia mwanafunzi wa cherehani
hapewi mashine ya kudarizi siku ya kwanza.
Hupewa kitambaa kibovu
na mstari wa chaki.

Nikachukua spika ndogo kama debe la biskuti,
waya mmoja, na mkanda wa begani
ambao nilimrudishia. Mkanda nitashona mwenyewe.

Elfu kumi na nne.
Zilikuwa pesa za chama, zamu yangu ya mwezi wa nane,
na mbele ya wanachama wote nilitamka neno bati.
Sitajitetea. Panapovuja nimeweka sufuria.

Nikafika Barani, nikachomeka, nikawasha.
Stima hakuna.

Nilikaa kitandani gizani, nikalipiga hivyo hivyo.
Gitaa la stima bila stima
lina sauti ya mtu anayejisemea jikoni.
Mkono wangu wa kulia una sugu za sindano, unajua kazi;
wa kushoto, ambao siku zote ulishika kitambaa tu,
ndio uliotakiwa kubonyeza.
Kwa nusu saa ukalia kama mtoto wa chekechea,
na hakuna aliyesikia, si Kadzo wa chumba cha pili,
si mwanawe anayeota meno.
Nikaishukuru kampuni ya umeme,
jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Saa tatu taa ikarudi.
Kwenye spika kikawaka kinukta chekundu,
saizi ya kifungo cha shati la mtoto.
Ikavuma. Nikashusha sauti hadi moja,
nikaupiga uzi wa mwisho, ule mwembamba kuliko wote,
ukasikika umelegea,
nikaukaza,
nikaukaza tena kidogo,
mkono wa fundi huo, haupendi ulegevu,

ukakatika.

Nikabaki na tano, nikazipiga hizo.
Kesho nitakwenda kununua uzi.
Hiyo ni kazi ninayoijua.