Plau ya Temirbek

Plau ya baba nimeiegemeza nyuma ya ghala.
Visu vyake vinane vimeota kutu rangi ya mbweha,
na kuku wa Genrikh hutagia humo.
Kwa plau hii baba alivishwa nishani:
aliipasua nyika ya Kostanai alfajiri hadi kiza,
na nyika, ambayo tangu kuumbwa haijageuzwa ubavu,
ikalala chali, nyeusi, ikifuka mvuke.
Miaka miwili ilitucheka kwa wema.
Wa tatu upepo ukaja, ukaibeba ardhi
ikapita juu ya paa letu,
na mama akalikung'uta shamba kutoka kwenye mablanketi.

Mimi silimi. Napanda tu.
Nikisema hivyo, majirani hutazama buti zao.
Mashine yangu hufungua ufa mwembamba kama mshono,
hudondosha mbegu, huufumba udongo kinywa, hupita.
Mabua ya mwaka jana yamebaki wima,
yameing'ang'ania theluji,
na theluji ikiyeyuka, haina pa kwenda ila chini.

Lakini nisikudanganye.
Chini ya mabua udongo huchelewa kuamka.
Kwa Genrikh, kulikolimwa, kumeshapata joto;
kwangu bado baridi, kama kisigino cha mgonjwa.
Ngano hutoka shingo upande, njano,
kwa kuwa makapi yanayooza
hula kwanza, mtoto baadaye.
Na pale malori ya mavuno yalipopita na mvua
ardhi imekaza.
Mizizi hufika, hugonga hodi, hukata kona.

Kisha kwekwe.
Shayiri-mwitu huvaa nguo za ngano,
hurefuka nayo, huinama nayo,
hadi siku ya kuchanua
ndipo unapojua umelea mtoto wa nani.
Dawa iliyoiua mwaka juzi
mwaka huu imeinywa kama chai.

Basi Juni moja nikashindwa.
Usiku nikawafukuza kuku, nikaifunga plau kwenye trekta,
nikakata ukanda mmoja, mita mia mbili,
nikilia, nikinusa harufu ile ya utotoni, tamu, ya kuibiwa.
Nikasimama ukingoni. Nikazima injini.
Katika mwanga wa taa nyungunyungu aliyekatika
alikuwa akiingia ardhini, nusu yake tu,
bila haraka.

Wiki tatu baadaye ukanda ule ulichanua manjano.
Haradali-mwitu! Sikuwahi kuipanda, wala kuiona shambani mwangu.
Genrikh alivua kofia, akajikuna utosi:
"Hiyo ni ya Temirbek. Alikuwa akiizika kila mwaka."
Miaka thelathini imelala gizani, mbegu na mbegu,
ikingoja mtu mwenye hasira aje na taa.

Ilionekana toka barabarani, mstari wa dhahabu
katikati ya ngano yangu hafifu.
Nikaing'oa kwa mkono. Siku nne. Mgongo ulijua.
Pembeni, ambako sikugusa, niliingiza kidole:
juu makapi makavu, kisha ubaridi,
kisha unyevu, Julai, bila mvua siku ishirini na sita.

Mwaka wa mvua Genrikh hunizidi magunia.
Mwaka wa ukame mimi humwazima mbegu.
Huu ni upi, sijui bado.
Kuku wamerudi kwenye plau.
Leo asubuhi, mayai mawili, yangali moto.