Zamu ya Maji

Saa tisa usiku, Pasua, mvua imekatika.
Bati linadondosha tone, linanyamaza, linadondosha,
na mimi nahesabu:
ada ya Ndeshi, muhula wa pili,
lile neno nililomjibu bosi mwezi wa tatu,
kipele cha shingoni,
na pasi.

Pasi siku zote iko mwisho wa foleni,
imevaa suti, haina haraka.

Jumatatu nilishafika Mbuyuni, nikageuka.
Nusu saa ya kurudi, kijasho chembamba, matumbo joto,
ufunguo unalikosa tundu.
Nikaikuta juu ya meza, waya umeizunguka kiuno,
baridi kama jiwe la mtoni,
ikinitazama
kama mtu aliyesingiziwa wizi.
Nikaigusa mara mbili. Nikatoka.
Getini nikarudi kuigusa ya tatu.

Aikande wa zahanati alinifunga kile kitambaa mkononi,
akapampu, akasikiliza, akacheka kwa puani.
"Moyo wako mzima, dada.
Ila unauendesha kwa gia ya mlima
na hapa ulipo ni tambarare."
Kidonge hakunipa. Aliniuliza tu:
"Ukiogopa, unaogopea wapi?"

Sikujua kwamba woga una anwani.
Nilitafuta siku nne, nikaukuta
chini ya mbavu za kushoto, na kwenye taya,
taya lililokuwa likitafuna usiku kucha
na mdomoni hamna kitu.

Juzi simu: mama, Kibosho. Imekatika kabla sijapokea.
Kati ya mlio ule na mimi kumpigia
nilishazika watu wawili,
nilishachagua kitenge,
nilishagombana na mjomba nani alipie turubai.
Mama akapokea:
"Nilitaka kujua, huu mche wa parachichi
niuache kwenye kopo au niupande?"

Nikakalia ndoo, nikacheka mpaka nikalia,
au labda nilianza na kulia.
Mama hakuuliza. Alingoja.
Nikasikia maji nyuma yake.
"Leo zamu yetu," akasema.

Hapo nikaukumbuka mfongo:
alfajiri, baba na jembe, anazoa tope mferejini,
maji yanaingia kihambani yakigombana na majani makavu.
Sijaona mtu aliyeyakataza maji ya mlima kushuka.
Ukiyaziba yatakutafuta hadi jikoni.
Unayapa njia, unayapa saa yake,
kisha unafunga kwa udongo na gome la mgomba
na kumpigia jirani kelele: haya, yako!

Basi siku hizi wasiwasi wangu una zamu.
Saa kumi na moja jioni, ngazi ya nyuma,
na daftari la hesabu la Ndeshi lililobakiza kurasa.
Haya, njoo. Ada. Kipele. Bosi.
Naandika. Mengine yana jibu: Jumanne, nenda benki.
Mengine hayana; nayaandika hivyo hivyo,
nayaacha yakauke.
Ikifika na nusu, nafunga.

Ukija saa tisa usiku ukigonga,
nauambia: bado zamu yako.
Kuna siku unasikia.
Kuna siku tunakesha wote, mimi na wenyewe,
tukihesabu matone ya bati.

Na pasi, naizima kwa sauti:
"Leo Jumatano, nimevaa blauzi ya kijani, waya nimechomoa."
Ndeshi ananiigiza mlangoni, mkono kiunoni,
begi la shule limemzidi mgongo:
"Leo Jumatano, mama yangu ana vituko, waya amechomoa."

Nikatoka.
Karibu na Mbuyuni miguu ikasita yenyewe, kwa mazoea,
mbele ya meza ya nyanya.
Blauzi, nikajikumbusha. Kijani.
Muuzaji akadhani nasita kwa sababu ya bei,
akaongeza moja juu ya fungu.
Nikanunua nyanya.