Duara Jeupe

Niliivua Jumanne, saa nne asubuhi,
kwa sababu ya mashine tu, nilijiambia.
Kereza haina dini. Ikiikamata bangili
inaondoka na mkono.
Nikaiweka kwenye droo ya washa na nati,
chuma juu ya chuma, haikulia hata kidogo,
nikaendelea kukereza bushi za boti ya mtu wa Ukerewe
aliyesimama mlangoni, simu sikioni, akilalamika.

Sasa ni wiki ya tatu.
Kwenye kifundo cha mkono nina duara jeupe,
ngozi ambayo haikuwahi kuliona jua la Igogo
tangu nikiwa na miaka sita.
Baba ameliona. Baba hupima kwa jicho
kitu chembamba kuliko unywele,
hawezi kukosa kuliona.
Anapuliza vumbi la chuma mezani.
"Tejpal," ananiambia, "leta kalipa."

Mtaani mimi ni Kalasinga.
Jina hawalihitaji; kilemba kinatangulia,
mimi nafuata nyuma kama mtu aliyechelewa.
Wauza dagaa wa Kirumba wananipunguzia bei
kwa kuwa babu yangu aliwahi kumtengenezea mmoja wao
mashine ya kusaga, akakataa pesa.
Basi hata dagaa ninaokula
wana babu yangu ndani yao.
Nikikivua kilemba, nitanunua kwa bei ya nani?

Shigela, fundi wetu wa kuchomelea,
amehama kanisa mara mbili
kama mtu anayehama chumba cha kupanga:
kule maji hayatoki, huku jirani ana kelele.
Nilimuuliza, ulijuaje kama wakati umefika?
Akanyanyua kioo cheusi usoni, akacheka.
"Hizo nywele zingekuwa zangu ningezikata
kwa ajili ya joto tu. Mungu angebaki pale pale."
Nikataka kumwamini. Nikashindwa usiku,
nilipozifungua zikanishukia hadi kiunoni,
zinanukia mafuta ya nazi na mikono ya mama,
ambaye hayupo.
Mkasi haujui kuchagua.

Jumapili nagawa dengu gurudwara.
Watu wamekaa chini kwa safu,
mwenye kiwanda na mlinzi wa geti lake, goti kwa goti.
Hapo sina swali.
Swali huanza ninapoosha masufuria.

Juzi jioni Biji aliniita.
Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili,
Bugando wamempa tarehe ya mwezi ujao.
"Nisomee."
Nikanawa, nikakifungua kijitabu
ambacho kurasa zake zimelainika kama shati la kulalia.
Herufi zinaning'inia kwenye mstari
kama nguo kambani; nikazianua moja moja
bila kujua kama ni zangu.
Ukurasa wa kumi na tisa, umeme ukakatika.
Mtaa mzima ukasema "aaah",
jenereta ya hoteli ikaanza kukohoa,
na mdomo wangu ukaendelea.
Gizani, bila ukurasa, bila mimi,
neno likilivuta neno
kama ng'ombe wanaoijua njia ya zizini
mchungaji kalala.

Biji akasinzia kabla ya mwisho. Nilimsikia akikoroma.
Hapakuwa na mtu wa kunisikiliza
na wala sikuacha.
Nilimaliza. Nikainamisha paji la uso hadi sakafuni.
Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.
Kutoamini ningekuzoea.

Leo Baba anatafuta washa ya nusu inchi.
Ameivuta droo. Naisikia mikono yake,
inachakura, inachakura,
inasimama.
Nyuma ya karakana ziwa linayapiga mawe.
"Ipo?" namuuliza.
"Ipo."
Anaisukuma droo kwa kiwiko,
inabaki wazi upana wa kidole.