Chumvi Ngamani

Kabla ya chai, kabla ya salamu, nafua maji.
Jana ndoo ishirini na mbili, leo ishirini na sita.
Nazihesabu kama mtu anayehesabu riba,
maana chombo hiki kinanidai
na ziwa ndilo karani.

Ubavuni kimeandikwa BADO KIDOGO,
rangi ya samawati, mkono wa Bukuru, pacha wangu,
aliyeigeuza D ikatazama nyuma
akasema, acha, ziwa halisomi.
Tulikiunda Katonga, msimu mzima wa kiangazi:
yeye tezo, mimi pamba na nyundo ya kalafati,
yeye mkubwa kwa robo saa, mimi Butoyi,
na robo saa hiyo hajaacha kunikumbusha.

Siku hizi anauza chaja na betri pale Mwanga.
Viatu vikavu. Soksi, hata.
Alisema maji hayana shukrani, akashuka.
Sikumjibu. Nilikuwa na misumari minne mdomoni.

Kazi zenyewe si za kusimulia.
Tanga lina kiraka cha turubai la kambini
juu ya kiraka cha gunia
juu ya kitu ambacho zamani kilikuwa tanga.
Plagi ya injini naisugua kwa msasa,
naipuliza, naibembeleza, naitukana, inawaka.
Mawese yaliyochacha nayachemsha na lami
na abiria wa Mtanga hushuka wakinuka chombo changu
hadi kwenye harusi zao.

Mgebuka juu ya jiko lililowekwa ndani ya sinia la mchanga.
Ugali wa muhogo. Sahani naosha ubavuni,
hapo hapo nachota ya kunywa.
Mwanangu Nzeyimana anafunga fundo, analifungua, analifunga,
namwambia kamba ina kumbukumbu kuliko mtu.
Upepo ukitoka upande wa Kongo hauombi njia:
tunashusha foromali, tunakaa chini, tunanyamaza,
na magunia ya sabuni yanakaa kama wakwe.

Mbao tisa nimezibadili tangu Bukuru aondoke.
Wakati mwingine usiku najiuliza
ni ipi aliyoipiga randa yeye,
napapasa kwa kidole gizani,
napata kibanzi.

Mwezi uliopita tukakivuta mchangani Zashe,
juu ya magogo, watu kumi na mmoja na kelele zao.
Nikaingia ngamani na tochi.
Taruma la kwanza, kisu kikazama kama kwenye parachichi.
La pili vivyo hivyo. La tatu, la nne.
La tano kisu kikagonga, kikarudi.

Nikalamba kidole.
Chumvi.

Lile gunia la Uvinza!
Lililopasuka tukielekea Kagunga,
kilo hamsini chini ya sakafu,
na mimi nikamkata Bukuru fedha yake yote ya safari,
mbele ya abiria, nikihesabu kwa sauti.
Ndipo aliposhuka. Mambo ya shukrani yalikuja baadaye.

Maji ya ziwa letu ni matamu,
na utamu wake ndio unaoozesha.
Mahali pekee palipobaki pazima
ni pale nilipopaita hasara.

Nikanunua gunia jingine, nikalimwaga mwenyewe,
konzi kwa konzi, katikati ya mataruma mapya,
Nzeyimana akishangaa: mama, tunapika nini?

Kisha nikapanda kilimani ulipo mtandao, nikampigia.
Nikamuuliza bei ya chaja.
Akataja. Nikasema ni ghali.
Akasema ni ya kweli, si ya kuchomeka leo ikafa kesho.
Tukakaa hivyo, simu ikila salio.
"Ndoo ngapi siku hizi?" akauliza.

Nikamdanganya kwa ndoo nne.
Sikumbuki kama nilizipunguza au nilizizidisha.